Jinsi ya kufuatilia asili na uenezi wa jina adimu la kike: mfano wa Salme

Akina Fatuma wapo wengi kiasi kwamba ukikosea kumi kwenye hesabu hakuna atakayeona. Kwa Salme, kumi walioingia kimakosa wanaweza kuwazidi Salme wa kweli uliowapata. Ndiyo maana kwenye jina adimu muda mwingi huliwa na kuchambua, wakati kutafuta kwenyewe huisha upesi. Mwongozo huu unalifuata jina hilo moja kuanzia herufi zake hadi takwimu, lakini njia ni ileile kwa Zuwena, Mwanatumu, Nunu au jina la bibi yako ambalo hulisikii tena mtaani.

Andaa jedwali kabla ya kutafuta chochote

Weka safu saba: jina kama lilivyoandikwa, mwandiko wake wa Kiarabu kama upo, mwaka wa kuzaliwa, mahali, jina la baba, chanzo, na uamuzi wako. Safu ya uamuzi iwe na majibu matatu tu: ndiye, siye, haijulikani.

Safu ya kwanza usiisahihishe hata kidogo. Ukikuta "Salima" na moyo ukakuambia ni Salme, andika Salima, kisha eleza dhana yako pembeni. Ukibadilisha tahajia wakati wa kunakili, baada ya mwezi hutajua tena kipi ulikiona na kipi ulikidhania. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi za majina, na halirekebishiki ila kwa kurudi kwenye kila chanzo upya.

Anzia kwa mwenye jina wa kwanza anayejulikana

Unguja ukitaja Salme, anayekuja akilini ni bintimfalme: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan na Jilfidan, aliyekuwa Mcherkesi, yaani mtu wa jamii ya milima ya Kaukazi. Alizaliwa katika kasri la Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa meli ya kivita ya Kiingereza, na mwaka 1867 huko Aden akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg.

Sasa angalia jambo la kihesabu katika maisha hayo. Kumbukumbu za Ujerumani zinamjua kama Emily Ruete. Kwa hiyo Salme mashuhuri kuliko wote hahesabiki popote kama Salme. Anayeweza kuhesabika ni mjukuu wake, binti wa mwanawe Rudolph Said-Ruete, aliyepewa jina la bibi yake kama jina la kwanza. Ukikuta Salme mwenye ukoo wa Said-Ruete katika kumbukumbu za Ulaya, huyo ametoka Unguja moja kwa moja kwa njia ya somo wake, na anaingia kwenye "ndiye".

Rudisha jina kwenye herufi za Kiarabu

Hapa ndipo asili inapopatikana au kupotea. Herufi za Kilatini haziwezi kukuambia Salme ni nani, kwa sababu Kiswahili hakitofautishi irabu ndefu na fupi, na Kiarabu kinazitofautisha. Majina haya matano yote hutoka kwenye mzizi mmoja wa sin, lam, mim, lakini ni majina tofauti:

سلمى, Salma, huishia kwa alifu maksura, yaani alifu yenye umbo la ya isiyo na nukta. Ni jina kongwe kuliko Uislamu: mama yake Abdul Muttalib, babu wa Mtume, aliitwa Salma bint Amr.
سلمة, Salama, lenye irabu fupi na ta marbuta, ile ta ya mviringo ya mwishoni, kama katika Ummu Salama.
سلامة, Salama, lenye alifu baada ya lam, lenye maana ya usalama.
سالمة, Salima, lenye alifu baada ya sin.
سليمة, Salima, lenye ya baada ya lam.

Mtu akikuambia "Salama" kwa mdomo, bado hujajua ni la pili au la tatu. Akikuambia "Salima", hujui ni la nne, la tano, au ni Salma aliyetiliwa irabu katikati ili ulimi upite. Omba kuona maandishi: cheti cha ndoa kilichoandikwa na kadhi, msahafu wenye majina ya watoto kwenye jalada la ndani, hati ya wakfu, barua ya zamani. Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, zina hati nyingi za Kiarabu. Nenda na mtu anayesoma mwandiko wa mkono na siyo chapa peke yake, kwa kuwa mwandishi wa haraka huiunganisha alifu na kuibana mpaka سالمة na سلمة zikakaribia kufanana.

Kwa bintimfalme mwenyewe waandishi hawakukubaliana. Vitabu vya Kiarabu vya leo humwandika mara nyingi سالمة, yaani Salima. Vya Kiingereza humwita Salama bint Said au Salme. Usiamue kwa kupiga kura ya vitabu, maana vingi vimenakiliana. Tazama badala yake jinsi mwandiko wa kumbukumbu zake unavyoshughulikia majina mengine ya kike. Mke mkuu wa Sultani, Azza bint Seif, ameandikwa Azze bint Sef. Sharifa ameandikwa Scharife. Khaula ameandikwa Chole. Kumbe -e ya mwisho haikuwa ya Salme peke yake: majina mengi yanayoishia -a kwa Kiarabu fasihi yanaishia -e katika kitabu hicho.

Sababu zinaweza kuwa mbili na zote zinaelekea upande mmoja. Ya kwanza ni matamshi, a iliyoinamia e, ambayo wanaosoma tajwidi wanaijua kwa jina la imala. Katika kisomo cha Hafsi imo mahali pamoja tu, neno "majreeha" katika Sura Hud aya ya 41. Ya pili ni kwamba kitabu kiliandikwa kwa msomaji wa Kijerumani, ndiyo maana kh ikawa ch na sh ikawa sch. Vyovyote iwavyo, Salme ni sura ya maandishi na matamshi ya jina la mzizi wa s-l-m. Azze na Scharife hazikubaki kama majina ya kujitegemea. Salme imebaki, na kilichoibakisha ni umaarufu wa mwenyewe. Hii ndiyo asili ya jina kama tunavyoweza kuisema kwa uhakika, na inatosha.

Tovuti za majina ya watoto zitakuambia kwa mstari mmoja kwamba ni "jina la Kiswahili, maana yake amani". Nyingi hupokea majina kutoka kwa wasomaji bila kuyahakiki. Zisome ili upate tahajia mbadala za kutafuta. Kwa asili, ziache.

Ondoa wanaofanana

Ukiandika Salme kwenye mtandao, matokeo mengi hayatakuwa na uhusiano wowote na Unguja. Haya ndiyo makundi ya kuyatoa, kubwa likitangulia.

Estonia ina Salme wake, na wanatosha kuizamisha hesabu yako yote. Asili yao ni nyimbo za kimapokeo na utenzi wa taifa lao, Kalevipoeg, uliotolewa na mwandishi wa huko, Kreutzwald, kati ya 1857 na 1861: mjane anaokota kuku, yai la ndege wa porini na kinda la kunguru, kuku anageuka kuwa msichana Salme, naye anaolewa na kijana wa Nyota. Yai linamtoa Linda. Waestonia waliwapa mabinti majina hayo mawili kwa wingi baada ya hapo, na jina likavuka hadi Finland. Salme Murrik, mzaliwa wa Estonia aliyeolewa na mkomunisti wa Uingereza R. Palme Dutt, ni wa kundi hili, ingawa alama zake zimo katika nyaraka za London. Kisha kuna kijiji cha Salme katika kisiwa cha Saaremaa, kilichopata umaarufu baada ya 2008 kwa meli za kale zilizofukuliwa na mifupa ya mashujaa ndani yake. Habari za meli hizo peke yake zitakujazia kurasa.

Kundi hili huondolewa kwa ukoo na kwa mahali. Ukoo ukiishia -nen, -mägi, -saar au -mets, weka "siye" bila wasiwasi. Salme mwenye baba Said, Juma au Khamis anabaki. Shida ni wahamiaji: Waestonia wengi walikimbilia Sweden, Kanada na Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hivyo Salme wa Toronto aliyezaliwa 1925 karibu hakika ni wao, hata kama ukoo wake umebadilika kwa ndoa.

Kundi la pili si majina kabisa. Kwa Kidenmark na Kinorwe, salme ni wimbo wa kanisani. Kwa Kiitaliano, salme ni maiti, kwa wingi, na magazeti ya huko hulitumia kila ajali inapotokea. Mashine inayohesabu maneno vitabuni haijui tofauti, kwa hiyo mchoro wa kupanda na kushuka kwa neno Salme katika vitabu vya Ulaya haukuambii lolote kuhusu wanawake.

Kundi la tatu ni ndugu wa kando: Selma na Salome. Selma wa Uturuki ni Salma yuleyule wa Kiarabu. Selma wa Ujerumani na Skandinavia ametoka kwenye mashairi ya Ossian ya James Macpherson, ambamo Selma ni ngome ya mfalme Fingal, si mtu. Salome ni wa Kiebrania. Hawa usiwahesabu, lakini waangalie wanapoingia kwa kosa la mashine: maandishi ya zamani yaliyosomwa na kompyuta hugeuza Salma, Salim na Salome kuwa Salme. Fungua picha ya ukurasa wenyewe kila mara. Ukimkuta "Salme" ambaye neno linalofuata ni "bin", huyo ni Salim.

Katika kutafuta, anza na "Salme binti", "Salme bint" na "Bi Salme" ndani ya alama za kunukuu, kisha toa kwa alama ya kutoa: -Saaremaa -Estonia -salmer. Rudia kwa Salma, Salama na Salima ukiongeza jina la baba au mahali.

Takwimu za nchi zinazotoa hesabu

Kila ofisi ina kiwango cha chini cha kuonyesha jina, na jina adimu huishi chini ya kiwango hicho. Kijue kabla ya kusema "hakuna".

Marekani, mamlaka ya hifadhi ya jamii hutoa orodha za majina za kila mwaka kuanzia 1880, lakini jina lililopewa watoto wasiofika 5 wa jinsia moja mwaka huo haliandikwi. Orodha za majimbo zina sharti hilohilo kwa kila jimbo, kwa hiyo ukijumlisha majimbo yote utapata pungufu kuliko orodha ya taifa. Tena, hesabu hiyo hutokana na kadi za hifadhi ya jamii, nazo zilianza kutolewa katika miaka ya 1930. Waliozaliwa kabla ya 1937 wamo wale tu walioomba kadi ukubwani. Tahajia kila moja inahesabiwa peke yake: Salma, Salmah na Salme ni majina matatu. Usipakue orodha ya majina 1,000 ya juu, haitakufaa. Pakua faili zima.

Uingereza na Wales huficha walio chini ya 3. Ufaransa hukusanya majina machache mno katika fungu moja la "majina adimu", kwa hiyo ukilikosa jina huko, huenda limezikwa mle. Ujerumani haina hesabu ya serikali; orodha ya kila mwaka hutolewa na Jumuiya ya Lugha ya Kijerumani kutokana na taarifa za ofisi za usajili, na ni orodha ya majina yanayopendwa. Estonia na Finland zina huduma za mtandaoni zinazoonyesha wenye jina kwa umri au kipindi cha kuzaliwa. Zitumie kwa kazi moja: kuona ni vizazi gani vya huko vilivyojaa Salme, ili ukimkuta asiye na maelezo ujue uwezekano wake.

Vipimo vya watu wanatafuta nini mtandaoni viache kando. Vinapanda siku filamu au makala kuhusu bintimfalme inapotoka, na hakuna mtoto aliyezaliwa kwa sababu hiyo siku hiyo.

Pale ambapo hakuna takwimu: Zanzibar na Bara

Hapa kwetu hupati jedwali la majina kwa mwaka. Unalazimika kuchukua sampuli, na sampuli ya jina adimu ina mtego wake.

Kusanya orodha ambazo ziko wazi kwa umma na zina jinsia: majina ya waliochaguliwa kujiunga na masomo, daftari la wapiga kura linapobandikwa kwa uhakiki, matangazo ya vifo. Hesabu jina la kwanza tu, maana la pili na la tatu ni la baba na babu. Mwondoe anayejirudia kwa kulinganisha majina yote matatu. Makaburi usiyategemee: mengi ya Waislamu wa pwani hayana maandishi, na ya wanawake ndiyo zaidi. Majina ya watu walio hai yabaki kwenye jedwali lako. Unachotangaza ni idadi.

Tuseme umepitia wanawake 3,000 wa Zanzibar na hukumpata Salme hata mmoja. Usiandike "halipo tena". Kanuni ya wanatakwimu ni gawa 3 kwa idadi uliyoipitia, upate kiwango cha juu kinachoweza kuwepo kwa uhakika wa asilimia 95: 3 kwa 3,000 ni 1 kwa 1,000. Sensa ya 2022 ilihesabu wanawake 974,281 Zanzibar, kwa hiyo kutoona hata mmoja bado kunaruhusu kuwepo kwa Salme hadi 970 hivi. Ukiwapata 2 katika hao 3,000, makadirio yanaanzia kama 80 hadi 2,300. Upana huo unaudhi, lakini ndio ukweli wa sampuli ndogo, na anayekupa nafasi ya jina adimu katika orodha, "la 214 kwa umaarufu", kwa sampuli kama hii anakudanganya. Ili kupunguza upana huo kwa nusu unahitaji orodha kubwa mara nne.

Angalia pia umri. Orodha za shule zitakupa waliozaliwa karibuni, matangazo ya vifo yatakupa bibi zao. Usizichanganye katika hesabu moja. Weka kila muongo wa kuzaliwa peke yake. Jina lililo kwa bibi na halipo kwa wajukuu linakufa. Lililo kwa wajukuu na halipo kwa bibi limefufuliwa, na kwa Salme hapo ndipo utakapojua kama limepita kwa ukoo au limeokotwa kwenye kitabu na makumbusho.

Kuuliza wazee

Swali la "jina hili maana yake nini?" liweke mwisho. Utajibiwa maana ya msikitini, na mazungumzo yatafungwa. Uliza: Nani alimpa? Somo wake ni nani? Siku ya akika aliitwaje? Nyumbani wanamwitaje, na shuleni aliandikwaje? Maswali mawili ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu mwanamke mmoja anaweza kuwa Salama kwenye cheti, Salme kwa shangazi zake na Mama Fulani kwa majirani. Ukimhesabu kwa cheti unamkosa. Ukimhesabu kwa mdomo bila tarehe ya jina unakosea kizazi.

Siti binti Saad ni onyo zuri. Mwimbaji huyo wa Fumba, aliyezaliwa karibu 1880 na kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, alizaliwa akiitwa Mtumwa. Siti lilikuja baadaye, kwa heshima na umaarufu. Anayemweka kwenye hesabu ya akina Siti wa 1880 ameongeza mtu ambaye hakuwepo, na amempunguza Mtumwa mmoja. Kwa hiyo ongeza swali: aliitwa hivi tangu lini?

Kuandika matokeo

Andika asili na idadi mbalimbali, kila moja na kiwango chake cha uhakika. Kwa Salme inatosha hivi: "Salme ni sura ya Unguja ya jina la Kiarabu la mzizi s-l-m, ama Salma ama Salima au Salama, tahajia yenye -e imejulikana kwa kumbukumbu za Sayyida Salme za mwaka 1886. Halihusiani na Salme wa Estonia na Finland." Kisha weka sampuli: wangapi uliwapitia, wa miaka gani, kutoka orodha zipi, wangapi ni "ndiye" na wangapi "haijulikani".

Hao wa "haijulikani" usiwagawe nusu kwa nusu ili hesabu ipendeze. Wachapishe kama fungu lao, na mbele ya kila mmoja eleza kinachokosekana: jina la baba, mwaka, au mwandiko wa Kiarabu. Mara nyingi msomaji mmoja wa Mtoni au Bububu atakuwa na cheti unachokitafuta kabatini.